Miaka Kumi na Miwili ya Kumpiga Picha Salma

Jumamosi, jua linakaribia kuzama. Joto la mwezi wa kumi, vumbi mpaka kwenye meno. Miguu inaniuma kwa kusimama, na moyo umejaa kiasi kwamba naogopa kuongea na mtu nisije nikalia tena. Kwa hiyo naandika.

Leo picha za Salma zimekaa ukutani, thelathini na moja, katika ukumbi mdogo hapa mtaa wa Isevya.

Salma ni rafiki yangu tangu tulipokaa dawati moja shuleni, mimi mtoto wa wakulima wa Lusu niliyeletwa mjini kwa shangazi, yeye binti wa seremala wa mtaa wa Ng'ambo. Baba yake alipofariki, watu walidhani karakana itafungwa. Ilipopita arobaini, Salma akafungua mlango asubuhi, akavaa aproni ya marehemu iliyomfikia magotini, akaanza kuranda mbao. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimenunua kamera ya mtumba, na sikuwa na mtu mwingine wa kumpiga picha.

Miaka kumi na miwili sasa, na bado simtafuti mwingine.

Harusi napiga, kipaimara napiga, picha za pasipoti napiga. Hizo ndizo zinazonilisha. Lakini karibu kila ninachokijua kuhusu mwanga nimejifunzia usoni pa Salma: anavyofumba jicho moja kupima kama ubao umenyooka, anavyouma penseli akipiga hesabu, anavyonuna nikimwambia acheke. Nikiona picha zangu za zamani najionea aibu. Yeye sijawahi kumwonea aibu.

Ila kuna picha moja ambayo sikumwonyesha mtu yeyote. Acha niiseme.

Miaka saba iliyopita Salma alikuwa akitengeneza mlango wa nakshi wa nyumba moja kuukuu, njia ya kwenda Kwihara. Nilisimama upande wa pili wa mashine ya kupasulia mbao, jicho kwenye kamera. Ubao ukaruka. Msumeno ukamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, kisha mashine ikakwama.

Nikabonyeza.

Baada ya hapo ndipo nilipoachia kamera, nikamfunga mkono kwa khanga yangu, nikapiga yowe. Watu walinisifu kwa kumwahisha hospitali. Mama yake, Bi Mwanaidi, ananiombea dua hadi leo. Hakuna aliyejua kwamba kabla ya kumkimbilia rafiki yangu, nilimpiga picha.

Salma alikaa miezi minane bila kugusa patasi. Halafu akajifundisha upya kuishika, akaharibu mbao nyingi, akatukana sana, na mwisho akaumaliza mlango ule. Picha ya mlango huo ndiyo kubwa kuliko zote pale ukumbini.

Leo asubuhi, kabla hatujafungua, alikuja na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Bi Mwanaidi akaanza kuzunguka taratibu, picha moja baada ya nyingine. Nikamvuta Salma pembeni. Nilikuwa nimeapa sitafungua ukumbi huu kabla sijamwambia.

"Salma, kuna picha nyingine. Ya siku ile."

Hakugeuka. "Najua."

"Unajua nini?"

"Niliisikia kamera, Mode. Mashine ilikwama, kukawa kimya, nikaisikia inalia."

"Miaka saba! Mbona hukusema?"

"Nilikasirika. Kuna siku ulikuwa ukiingia karakanani natamani nikurushie nyundo. Halafu nikaona picha yenyewe huitoi. Nikasema, akiwa tayari ataniambia." Akanitazama. "Umechelewa, shoga yangu."

Niliomba msamaha, tena kwa kulia, bila maneno mazuri yoyote. Nikampa bahasha. Nilitegemea ataichana picha palepale. Badala yake akaigusa kwa kidole.

"Uso wangu, unauona? Hapa nilikuwa bado sijajua."

Akairudisha kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye mkoba. "Hii ni yangu. Haitundikwi."

"Haitundikwi. Na kwangu nimeshaifuta."

"Na ile ya mkono uliopona umeificha wapi?"

Sikuamini. Mkono huo alikuwa akiufichia mtandioni kila akipita barabarani, na picha yake alinikataza mwenyewe kuitundika. Nikaitoa kwenye boksi chini ya meza: vidole vitatu juu ya ubao wa mninga, vumbi la mbao kwenye mikunjo ya ngozi. Nikashika nyundo, msumari wa kwanza ukapinda, na wa pili. Salma akaninyang'anya nyundo, akaitundika picha mwenyewe pembeni ya ule mlango.

Adhuhuri waliingia mafundi wazee wa Ng'ambo, na kofia zao. Mmoja wao ndiye aliyesema zamani kwamba binti huyu hatamaliza mwaka karakanani. Akasimama mbele ya picha ya ule mkono. Akahamia kwenye mlango, akasogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha akamgeukia Salma.

"Fundi, nakshi ya hapa pembeni uliianzia juu au chini?"

Fundi. Alimwita fundi, mbele ya watu, na akangoja jibu kama mtu anayetaka kujifunza. Salma akamweleza kwa mikono yote miwili. Bi Mwanaidi akajifunika mdomo kwa khanga.

Nimepata sifa zangu leo, siwezi kukataa. Lakini nilivyokuwa nimesimama pale nilijivunia zaidi kuwa rafiki wa mtu huyu kuliko kuwa mpiga picha wake. Je, ningekuwa mimi, ningeweza kungoja miaka saba?

Wakati wa kufunga aliniambia, "Jumatatu naanza mabenchi ya kanisa lenu. Uje mapema. Mwanga wa dirishani saa moja asubuhi ndio unaonipendeza."

Kumbe naye miaka yote hiyo alikuwa akiutazama mwanga.

Nitafika kabla hajafungua.