Kuhusu Kufa Kwako Kule Thika

Mpendwa binti yangu Nyambura, maitu, mama yangu kwa jina,

Nakusalimu sana. Mimi mama yako ni mzima, ila goti la kushoto bado linanisumbua nikishuka mtoni. Baba yako anakusalimu, yuko kwa ile mashine ya kumenya kahawa, na kikohozi kimemwacha. Cucu, mama ya baba yako, anakusalimu na anauliza kama hapo chuoni mnakula mkashiba. Kariuki mdogo wako anakusalimu, ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kwa pengo hilo mchana kutwa. Dada yako Wanjiku alituma salamu kutoka Makongeni, kule Thika, mtoto wake anatambaa. Mama Mutua jirani anakusalimu. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu, siku tatu sasa. Mwalimu wetu wa gumbaru, lile darasa la watu wazima, alitaka kunisaidia, nikamwambia haya ni ya mimi na binti yangu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Unasema mchezo wa mwisho mtaufanya Thika, katika ukumbi, na wakubwa wa chuo watakuja kuwapima. Unasema wewe ndiwe yule mama anayekataa kwenda hospitali mpaka homa inamuua. Na unasema nikikataa usife, mwalimu atampa mwingine sehemu hiyo, na wewe cheti utakikosa. Halafu ukaandika, "Nitafuata neno lako, mama." Hilo ndilo lililoninyima raha. Afadhali ungebishana.

Najua kwa nini unaniogopa. Ni kwa sababu ya siku ile mlipokuja kuigiza hapa Ruiru, kwenye uwanja wa shamba. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na kibuyu cha uji nilichokuletea. Ulipoanza kutetemeka chini ya blanketi, nilijua ni mchezo. Baba yako aliniambia, "Tulia, ni mchezo." Lakini ulipolala kimya pale mkekani, na wale wenzako wakaanza kulia "Nyambura, Nyambura," miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nimepiga magoti katikati yenu, nimekuinua kichwa, nakunywesha uji mbele ya shamba zima.

Ukafungua jicho moja ukaninong'oneza, "Mama, rudi ukae. Bado sijamaliza kufa."

Nami nikakujibu, "Kunywa kwanza."

Yule kijana aliyekuwa mume wako mchezoni ana akili. Alisema kwa sauti, "Asante, mama jirani, lakini umechelewa," akanishika mkono akanirudisha. Watu walidhani ndivyo mlivyopanga. Mama Mutua mpaka leo akinikuta kisimani ananiuliza, "Mwigizaji, leo unamfufua nani?" Wanawake wanacheka mpaka wanatua ndoo. Mimi pia siku hizi nacheka.

Siku ile sikucheka. Nilikuvuta nyuma ya lori lililowaleta na nikakuambia sitaki kukuona ukifa tena, kwetu mtu haliliwi akiwa hai. Blanketi bado lilikuwa mabegani mwako. Nilikuona umeumia, lakini sikukuambia yote.

Sasa nakuambia. Mama yangu, yule uliyepewa jina lake, alikufa kule Githunguri katika ile miaka ya taabu, wakoloni walipokataza mtu kusafiri bila kibali. Habari ilinifikia nikiwa hapa shambani. Niliomba kibali cha kwenda, nikanyimwa, nikaomba tena, nikanyimwa. Nikarudi kuchuma kahawa. Sikumlilia, kwa maana ningemlilia wapi, katikati ya mistari ya mibuni, nyapara akinitazama? Sasa wewe fikiria, miaka yote hiyo, halafu nasikia watu wanalia jina lake kwa sauti, nami niko hapo.

Nilikasirika wiki nzima. Halafu siku moja nikipalilia maharagwe niliona kifua changu ni chepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikajiambia, kumbe siku ile mama yangu alililiwa. Alililiwa na watoto wa chuo wasiomjua, lakini alililiwa.

Basi nikaanza kukukumbuka ukiwa mdogo. Unakumbuka yule nyapara mwenye mguu wa kuvuta? Ulikuwa ukitembea nyuma yake, mikono mgongoni, debe la kahawa kichwani kama kofia yake, na sisi wachumaji tunaziba midomo. Siku moja akageuka, nikasema leo tumefukuzwa kazi. Akakutazama weee, akasema, "Kumbe mimi hutembea hivyo?" Tangu siku hiyo akawa anakuita, "Njoo unitembee nione." Hiyo kazi unayosomea hukufundishwa na chuo. Chuo kimekukuta nayo.

Kwa hivyo neno langu ni hili. Kufa. Kufa vizuri, mpaka wale wakubwa wasahau kalamu zao.

Ila jina ubadilishe. Mwalimu anapenda mtumie majina yenu wenyewe, najua, lakini mwambie hilo ni la mama yangu, na alishakufa nalo mara moja, na hapa Ruiru akaliliwa. Inatosha. Nataka sasa likae na wewe, lizeeke.

Na kama hamna jina lingine, chukueni langu. Walie "Wangari, Wangari" kadiri wanavyotaka. Mimi nitakuwa nimekaa benchi la mbele, nimevaa ile nguo ya kanisani, na mkimaliza nitasimama watu wanione ni mzima. Siku hizi tunakwenda Thika bila kibali, na Wanjiku amesema tutalala kwake. Baba yako amesema atanishika gauni nisiinuke kabla ya wakati. Uji nitakuja nao, utakunywa ukishafufuka.

Niandikie upesi siku yenyewe na saa, upesi sana maitu, kwa sababu nguo ile nataka kuifua iwe imekauka, na baba yako lazima aombe ruhusa kazini. Usipojibu nitakuja hata hivyo, niketi hapo ukumbini tangu Jumatatu.

Ni mimi mama yako,
Wangari, ambaye hajafa