Nimeisingizia Kamera ya Mama Ivan

Mama mshauri, shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi, ni wiki ya tatu sasa, na kila nikisikia hodi mlangoni moyo wataka kunitoka nikidhani ni Mama Ivan amekuja kuniuliza tena, basi nisaidie kabla sijatenda la pili baya kuliko la kwanza.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, hapa Tiwi. Mama Ivan ni jirani yetu, mtu wa bara, afuaye mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia kamera ya kisasa isiyotumia filamu, picha zaingia kwenye diski ya kompyuta, na ukishapiga waiona papo hapo kwenye kioo kidogo cha nyuma. Akanifundisha, kwa kuwa alitaka tupige picha harusi za wanawake na mimi, kwa kuwa ni mwenyeji, ndiye wa kuingia ndani. Wewe wajua, mama, kwetu picha za ndani ni taabu, sababu filamu lazima iende studio, na studio ni wanaume tu.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya Mwanarusi, binti wa khalati yangu, dada yake mama. Siku ya kupambwa, wanawake walipoiona kamera walijifunika, basi mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono, nikasimama nikasema, "Wallahi hakuna mwanamume atakayeziona picha hizi." Wakavua mabuibui wakacheza, na Mwanarusi akakaa na nywele zake wazi na hina mpaka viwikoni, akacheka, "Piga, mdogo wangu, leo ndiyo leo!"

Diski nilitakiwa nimpelekee Immaculate, sekretari wa hoteli, azichape picha. Sikumkuta. Nilimkuta kijana wa ofisini, Cliff, akaninyooshea mkono, "Leta, siste, nikufungulie," nami nikampa, mama, nikampa kwa sababu sikujua mtu mkubwa huambiwaje hapana, na mara Mwanarusi akajaa kioo kizima cha kompyuta. "Aisee, picha zimetoka poa! Hata uzi wa nguo waonekana. Huyu bibi harusi ni nani?" Nikaichomoa diski nikakimbia.

Mwanarusi nikamwambia picha zimeharibika. Nikasema kamera ni dhaifu, kwenye kioo kidogo zang'aa lakini zikikuzwa sura zavunjikavunjika kama majivu. Alilia kidogo akanyamaza. Maneno ndiyo hayakunyamaza. Khalati akasema, "Nilijua! Kamera bila filamu itaitoa wapi picha?" Alfani, mwenye studio Ukunda, ambaye hajaishika hata siku moja, asema ni kitu cha kuchezea watoto. Bi Mbeyu, ambaye harusini hakufika, aapa ameziona kwa macho yake na kwamba Mwanarusi ametoka hana pua! Wanawake wawili waliokuwa wamemwalika Mama Ivan kwenye harusi za mabinti zao wameghairi. Naye ashinda akiifuta lenzi kwa kitambaa. Juzi aliniita kwa jina akaniuliza, "Twaiba, niambie tu ukweli, ama ni mimi nilikufundisha vibaya?" Nikamjibu, "La, mama, ni kamera." Sasa mwisho wa mwezi ataka kumwuzia Alfani kamera hiyo.

Diski imo ndani ya kitabu changu cha fizikia. Nikisema kweli, Mwanarusi atajua mwanamume amemwona, na mumewe ni mtu mkali. Nikiichoma, hakutakuwa na wa kujua kamwe. Niichome?

Nisiyetulia, Tiwi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiichome.

Kwa habari ya Cliff nakuhurumia. Ulikuwa peke yako, mkono umeshanyooshwa, ulimi ukakwama; na wakubwa waliokutuma na amana nzito namna ile bila mwenzako wana sehemu yao ya lawama. Lakini yaliyofuata ni yako yote. Uliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo usilokuwa na uwezo nalo, na kiapo kilipovunjika ukamtwika mzigo mtu ambaye hata hakuwepo. Bi Mbeyu wamshangaa? Yeye ameongeza chumvi tu. Mchuzi umeupika wewe.

Uliza moyo wako: mtu pekee aliyeziona picha hizo zikiwa kubwa, yaani Cliff, alisema ni nzuri. Wote wengine wanaozisema vibaya wanakunukuu wewe.

Nenda kwa Mwanarusi akiwa peke yake, diski mkononi. Mwambie nani aliona, kwa muda gani, na kama ipo nakala iliyobaki kwenye kompyuta ile. Hujui, sema hujui, kisha Immaculate akaitazame. Mpe diski yake. Kumwambia mumewe au kutomwambia ni shauri lake, uso ni wake. Akikufukuza, ondoka. Akikutukana, inamisha kichwa.

Kisha Mama Ivan. "Samahani" peke yake haimtoshi. Mwambie maneno haya: "Hukunifundisha vibaya." Halafu wafuate wale wanawake wawili, mmoja mmoja, useme kamera ni nzima na mwongo ni wewe. Kwa nini uliongopa, usiwaeleze. Hiyo ni siri ya Mwanarusi na si yako kuigawa. Wakitaka ushahidi, mpige picha khalati yako, Immaculate aichape kubwa, khalati ahesabu mikunjo ya uso wake mwenyewe.

Haya unaona ni hatari. Na ni hatari kweli. Lakini nimebadilisha majina tu; kamera ya diski iliyoingia harusini huko kwenu mwaka huu ni moja, na gazeti hili likifika Kona ya Musa, hapo jirani nanyi, husomwa kwa sauti. Mwanarusi asiyasikie haya kwa mwuza magazeti. Vaa viatu, mwanangu. Toka sasa hivi.