Figa la Foleni

Temeke, Jumatatu, baada ya chai

Wangenipa mimi uwaziri wa sukari, nchi hii isingepanga foleni hata siku moja. Tatizo hawajui ninapokaa.

Sukari ya mlanguzi siinunui tena, mfuko umetoboka. Kwa hiyo leo alfajiri nilichukua figa moja jikoni, nikaliweka kwenye foleni ya duka la ushirika linishikie nafasi, kama wenzangu walivyoweka matofali yao. Langu likawa la nne. Nikaenda zangu kwa muuza kahawa, nikawaeleza watu namna ya kutawala nyumba, na jinsi mke wangu asivyovuka kizingiti bila ruhusa yangu.

Niliporudi duka lilikuwa wazi na figa halipo.

"Nani kaiba jiwe langu?" nikafoka.

"Shemeji, limeondoka na mwenyewe," akasema Bi Tatu, jirani yetu. "Mkeo kaja analitafuta, kalitambua kwa masizi, kasimama papo hapo. Kapata sukari, kajitwika jiwe lake, huyo!"

Watu wakacheka mpaka... basi tu. Nikapanga mkiani. Sukari ikaisha kabla sijafika dirishani.

Nyumbani nilimkuta Mama Zuhura amelirudisha figa, maharage yanachemka.

"Baba Zuhura, ulitaka chungu nikiteleke kichwani kwako?"

Kesho barazani nitasema nilimtuma mimi. Lakini humu daftarini siwezi kudanganya: chai ya leo nimetiliwa sukari kijiko kimoja, kama mgeni nyumbani mwangu. Nikaomba cha pili, nikanyimwa.