Masale miguuni mwa tembo

Nasrin uko wapi? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Si unamjua yule tembo wetu wa zege, ambaye watoto watateleza kwenye mkonga wake? Asubuhi nikaona miguu yake imekaa mitupu. Nikawaambia mafundi wang'oe yale masale ya kule mpakani, wayapande pale papendeze.

Mimi niliona majani tu! Mtoto wa Pasua mjini, ningejuaje?

Sasa hivi kaja jirani, Mzee Anaeli. Nikamwamkia shikamoo. Akayaangalia yale majani weee, halafu akaniuliza polepole, "Binti, baba yangu amelala wapi?"

Yalikuwa ndiyo alama ya kaburi. La BABA YAKE. Na greda limeshapita, pote udongo mtupu.

Hakufoka. Bora angefoka.

Nikamkimbilia Yuditha, msimamizi wetu, mzaliwa wa hapa hapa Mwika. Namwombaje msamaha huyu mzee? Akasema, "Kwetu unampelekea jani la isale. Ukija nalo mkononi, hawezi kukukatalia."

Nimeng'oa moja hapa kwenye mguu wa tembo. Mzee bado amesimama, ananitazama.

Nasrin, nimpe la kaburi la baba yake?