Jiwe la Pangoni Ulilonikataza

Ronge, Oktoba 1984

Baba,

Jiwe lilikatwa kwa ruhusa yangu. Naandika haraka kabla moyo haujageuka, maana kesho asubuhi ukoo unakaa, na anayehukumiwa ni Mzee Mwakio, yule mchungaji wa mbuzi zako.

Tangu tukuzike, misimu miwili mvua haijanyesha. Mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti. Baba mdogo aliingia pangoni, akakuta lile jiwe lililojijenga kwa matone ya dari, karibu na mafuvu ya wazee wetu wa kale yanayotunzwa humo, limebaki kisiki. Akasema basi wazee wamekasirika, wamefunga mvua. Kwa kuwa Mwakio hulala karibu na pango, lawama zikamwangukia yeye. Wanataka ahame.

Nami nikanyamaza, Baba. Mwalimu mzima!

Watafiti wa chuo kikuu niliwapeleka mimi. Walisema jiwe kama lile huweka kumbukumbu ya mvua za kale. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha pale nikiwa mdogo, tukisali Baba Yetu polepole huku tukingoja tone. Mwaka mzuri lilianguka kabla ya "riziki yetu". Mwaka mbaya tulifika Amina na bado. Nikadhani ungeelewa. Lakini ulinikataza kuligusa, na sikungoja hata kaburi lako liote nyasi.

Nusu waliondoka nayo, nusu waliniachia. Iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa leso. Ndani ina mistari kama mti uliokatwa: myeupe mingi ya maji, halafu mmoja mchafu, wa vumbi. Mtafiti alisema hapo tone lilikoma miaka mingi, kisha likarudi. Zamani sana, Baba, kabla ya msumeno wowote, kabla Mwakio hajazaliwa.

Kwa hiyo jiwe litakaloniumbua ndilo litakalomwokoa. Nikilificha, namfukuza mimi.

Jana tulikutana njiani. Akavua kofia. "Mwalimu, wewe wanakusikiza. Niombee kwa hao wazee wa ukoo." Nikaitikia tu. Nilipofika nyumbani nililia.

Nimeenda pangoni leo. Nimesali mara tatu. Kisiki kikavu.

Pumzika, Baba. Kesho nitaifungua leso mbele ya ukoo na kutaja jina langu kwanza. Wakinifukuza, nitapitia pangoni nilirudishe jiwe penye kisiki chake. Kisha nitasali polepole, na safari hii sitaikimbilia Amina.

Mwanao,
Mghoi