Mkono Unaouza Ngamia Bila Ruhusa Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijampiga ndugu yangu. Mimi ni dalali wa ngamia hapa Garissa, shule niliachia darasa la nne lakini Jeddah nimefika, na sokoni muulize yeyote, atakwambia mkono wa Dagane haudanganyi. Sisi bei hatuisemi kwa mdomo, tunashikana mikono chini ya kitambaa, vidole ndivyo vinaongea, ukibana umekubali, sasa tangu mwaka jana vidole vyangu vinajikunja vyenyewe na kukaza, na juzi vikambana mnunuzi, ngamia jike wa mjane Ugbad akaenda kwa bei ya mbuzi, wallahi! Mama wa watu akalia, nikampa mtamba wa ngamia wangu mwenyewe, lakini soko zima linasema nimekula njama na mnunuzi. Kaka yangu Bishar akasema ni jini, akanichoma kiganja kwa chuma cha kutia ngamia alama, jini hakutoka, ngozi ndiyo ilitoka! Sasa daktari mmoja Nairobi anataka kudunga sumu kwenye msuli wa mkono, eti ulegee, na Bishar anasema, "Walaal, ndugu yangu, ukidungwa sumu mlango wangu usiujue," na Ijumaa chuma kinarudi motoni. Nimekasirika mpaka nacheka. Nifanye nini?

Dagane, mtaa wa Iftin


Dagane, pole kwa kiganja. Lakini hasira yangu haiishii kwa Bishar. Mkono uliujua ni mgonjwa, ukauingiza chini ya kitambaa kwa mali ya mjane, kisa sifa! Mtamba ulimtoa, vizuri. Ukweli je, umeutoa?

Huna jini. Ubongo unaupelekea msuli amri mbovu, basi. Daktari niliyemuuliza anasema sumu hiyo hupimwa kidogo mno, hulegeza msuli unaokaza. Haiponyi: baada ya miezi kama mitatu nguvu yake huisha, unadungwa tena. Mkono unaweza kuwa dhaifu kwa muda. Ukipata shida ya kumeza au kupumua, kimbia hospitali, usingoje mtu.

Kesho simama sokoni, Ugbad akiwepo, useme: "Mkono huu ni mgonjwa, ulikosea." Wakicheka, wacheke, wewe mwenyewe si umesema unacheka? Mpaka upate nafuu, bei itaje kwa sauti.

Ijumaa uwe Nairobi, na Bishar umkokote aione sindano yenyewe. Akikataa, nenda peke yako. Chuma mwachie. Ana ngamia wa kuchoma.