Mchezo Usiomwachia Mtu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti lako limeikubali ile dawa ya kuchua, maana nakujua, ukipata nafuu kidogo tu unapanda ngazi kama msichana. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu moyo, ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu; kwenye simu ningelia tu.

Unajua kwamba yule fundi wa michezo ya kompyuta niliyekuwa nikifanya naye kazi amefariki. Lakini sijawahi kukueleza alikuwa mtu wa namna gani, na nataka umjue.

Nilikutana naye nilipokuwa bado nakata na kuunga sauti redioni. Alikuja mapokezi na fimbo yake nyeupe, akaomba sauti ya nyumba isiyo na mtu. Mlinzi akamcheka, akamwambia nyumba isiyo na mtu haina sauti. Akamjibu kwa upole, "Ndugu yangu, wewe unaiona, ndiyo maana huisikii." Nikamtafutia rekodi kadhaa, akazikataa karibu zote. Moja alisema ni ya nyumba ambamo watu wamelala. Nilicheka, kisha nikaisikiliza tena, nikaona amesema kweli. Hata mwaka haukuisha nikaacha redio nikamfuata. Ulinigombeza sana.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo tulirekodi ndani ya kabati la nguo, tumejifunika mablanketi, jasho likitutiririka. Sauti za ngumi katika mchezo wetu wa ndondi nilizipata kwa kupiga gunia lililolowa maji. Yeye aliandika programu skrini ikiwa imezimwa, kompyuta ikimsomea kwa kasi ambayo kwangu ilikuwa kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Mchezo uliompatia jina ni wa golikipa: unavaa hedifoni, unasikia mpira unakuja, kushoto au kulia, na usipowahi umefungwa. Nilijifunga kitambaa machoni, nikafungwa mpaka nikakoma. Alicheka akashika mbavu.

Siku moja nilimwomba apunguze kasi ya mpira, nikidhani wachezaji vipofu watakata tamaa. Akaniambia kwamba utotoni kaka zake walimwachia ashinde kila mchezo, naye alijua, na hakuna kilichomtia upweke kama ushindi ule.

"Kipofu kila mtu anamwachia," alisema. "Mimi nataka mchezo usiomwachia mtu."

Mpira ukabaki na kasi yake.

Figo ndizo zilizomwangusha. Hata hospitalini aliendelea kujaribu mchezo mpya, akinung'unika kwamba milango ya mbao niliyorekodi inalia kama ya chuma. Alitutoka mchana, nikiwa nimemshika mkono.

Msibani walikuja wachezaji wake, wengi wao vipofu. Kwa miaka walikuwa wakishindana mtandaoni na kusikiana sauti, lakini walikuwa hawajawahi kukutana. Mama mmoja akakohoa tu, na mwanamume wa upande wa pili wa chumba akauliza, "Komeo, ni wewe?" Ndiyo lakabu ya mama huyo mchezoni. Wakatafutana kwa mikono kati ya viti, wakakumbatiana. Huyo Komeo ni mwalimu wa hesabu. Aliniambia marehemu ndiye mtu wa kwanza kumfunga bila kumwonea huruma. Komeo alimnunia juma zima, kisha akarudi akamfunga yeye. Watu wakacheka, na mama mzazi wa marehemu akacheka nao huku analia.

Sasa nifike pale ninapopazunguka. Binti wa jirani yetu alipoolewa na kipofu, ulisema amekwenda kuwa fimbo ya mtu. Ulisema kwa mzaha, unakunja nguo, wala hukujua umenichoma. Wakati huo fundi alikuwa ameshaniomba anioe, nami nimeshakubali. Tulifunga ndoa kwa msajili, mashahidi wakiwa mama yake na yule mchomelea vyuma. Nilitaka kukueleza kwa simu, akakataa. Alisema mama mkwe husalimiwa mlangoni kwake. Tulipanga kuja likizo hii, na shati la safari alikuwa ameshanunua. Ugonjwa ukatutangulia.

Sikuwa fimbo yake, Mama. Nyumbani yeye ndiye aliyepika, mimi nikiunguza. Tuligombana, tukanuniana, tukapatana, kama watu wengine.

Mchezo wake wa mwisho nitaumalizia na Komeo. Kasi sitaigusa.

Nisalimie shangazi na wanawe wote. Habari hii usiwape kwanza, nitawaeleza kwa kinywa changu. Mama mkwe wangu yuko hapa nami, naye anakuulizia.

Uliponipigia uliniambia pole kwa kufiwa na bosi. Nikasema asante, nikakata simu. Njoo, Mama. Ukifika, nipe pole ya mjane.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako.